Kulala Miriakamba, Kuamkia Kreta ya Meru: Mwongozo Kamili

Ukiutazama ukiwa Arusha mjini, Mlima Meru ni mlima mzima, umechongoka juu, hauna kasoro. Shika barabara ya Moshi, ukifika Usa River utazame tena. Ubavu wake wa mashariki haupo. Ni kama chungu kilichovunjika upande mmoja, na kupitia pale palipovunjika unaona hadi ndani.

Ndani humo ndimo ninamotaka kukupeleka. Karibu miaka 8,000 iliyopita ubavu huo ulianguka, mawe na tope na majivu vikateremka kuelekea Kilimanjaro. Vile vilima vidogo vidogo unavyovipita ukienda Momella, lango la kupandia mlima, ni kifusi chake, na maziwa ya Momella yametuama kwenye mabonde yaliyo katikati ya kifusi hicho. Mlimani kulibaki bakuli kubwa, ndiyo kreta yenyewe, lililozungukwa na ukuta wa mawe unaopanda takriban mita 1,500 kutoka sakafu yake, miongoni mwa kuta ndefu kuliko zote Afrika. Baadaye volkano ikaota tena humo humo ndani, ikajenga koni ya majivu ambayo ncha yake iko mita 3,667 juu ya usawa wa bahari. Mara ya mwisho mlima huu kutoa majivu ilikuwa 1910.

Wengi wanaoingia Meru wanakimbilia kilele, mita 4,566, safari ya siku tatu au nne. Ni safari nzuri, siipingi. Lakini kwenye mbio hizo kreta inakuwa njia ya kupita tu: siku ya pili wanaikata pembeni kuelekea Saddle Hut, kibanda cha pili, na usiku wa kilele wanatembea ukingoni mwake gizani wakitazama visigino vya aliye mbele. Kwa mtu asiyekuwa na hamu ya kilele, au asiye na mapafu ya kilele, ninashauri jambo moja: panda hadi kibanda cha kwanza, lala, asubuhi ingia kwenye bakuli, kisha rudi nyumbani. Siku mbili, usiku mmoja. Mama yangu mdogo, mwalimu mstaafu wa miaka 61 ambaye mazoezi yake makubwa ni kwenda sokoni kwa miguu, ameifanya safari hii pamoja nami.

Kwanza, amua kama utalala

Kuna ziara ya siku moja. Unaanza Momella mara lango linapofunguliwa, unatembea hadi sakafu ya kreta na kurudi kabla ya jioni. Wenye miguu mizuri wanaiweza. Mimi mwenyewe niliianza hivyo mara ya kwanza. Tulichelewa kutoka mjini, tukachelewa kwenye malipo, tukafika sakafuni saa nane mchana. Niliona majani, niliona miti ya mitarakwa, na mbele yangu niliona wingu jeupe limejaa bakuli zima kama maziwa kwenye kibuyu. Ukuta niliofuata sikuuona hata jiwe lake moja. Mpagazi aliyekuwa akishuka na kundi jingine alinitazama nikihangaika na kamera, akaniambia, "Dada, hapa ungelala. Ukuta ni wa asubuhi."

Alikuwa na sababu, na ukiielewa utaipanga safari yako vizuri. Bakuli la Meru limefunguka upande wa mashariki. Jua linapochomoza linaingia moja kwa moja na kuupiga ukuta usoni. Kadiri siku inavyopata joto, unyevu wa msituni unapanda na kuwa wingu, na mara nyingi kufikia saa nne au saa tano bakuli limeshafunikwa. Hata mchana ukitokea kuwa mweupe, jua linakuwa limehamia magharibi, nyuma ya ukuta, nao unabaki kivulini, mweusi, hauonyeshi kitu. Kwa hiyo lala. Kibanda cha Miriakamba kiko mita 2,514, karibu kabisa na sakafu ya kreta.

Msimu

Nenda kati ya Juni na Oktoba, au mwishoni mwa Desemba hadi Februari. Masika, Machi hadi Mei, yaache. Udongo wa Meru ni majivu ya volkano. Ukiloa unateleza vibaya, na wingu zito halikuachii nafasi ya kuona chochote. Mvua za vuli ni za kubahatisha, unaweza kupata asubuhi safi kati ya manyunyu mawili.

Ukiniuliza mwezi mmoja nitasema Juni ikielekea mwisho. Baridi ni kali, lakini miezi hiyo jua linachomoza upande ule ule ilipo Kilimanjaro ukitazama kutoka Miriakamba. Ukijaliwa anga safi, utaona Kibo na Mawenzi, vilele vyake viwili, weusi, na nyuma yao moto.

Malipo na vibali

Meru uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Hifadhi ilianzishwa 1960 kwa jina la Ngurdoto, na mlima ukaingizwa 1967. Utalipia kiingilio, malazi ya kibanda, huduma ya askari na ada ya uokoaji. Viwango vya raia wa Afrika Mashariki ni tofauti kabisa na vya wageni, hivyo beba kitambulisho cha taifa au pasi ya kusafiria. Bila hivyo unaweza kutozwa kama mgeni. Viwango hubadilika, waulize TANAPA wenyewe kabla hujapanga bajeti.

Langoni hawapokei fedha taslimu. Unalipa kwa kadi ya benki au kwa namba ya malipo kupitia simu. Hakikisha fedha ziko kwenye simu tangu mjini, na mtandao usiutegemee sana ukishaingia msituni.

Waweza kutumia wakala wa Arusha au kujipangia mwenyewe. Ukitumia wakala, mwambie kwa maneno yaliyo wazi na kwa maandishi kwamba hutaki kilele, unataka usiku mmoja Miriakamba na asubuhi nzima kwenye kreta. Nasisitiza "asubuhi nzima" kwa sababu wengine wamezoea kuwashusha watu mara tu baada ya chai.

Askari wa hifadhi mwenye bunduki ni lazima, si hiari. Nitalieleza hilo chini.

Mzigo

Sitakupa orodha ndefu. Vitu vinne ndivyo vinavyowaangusha watu.

Cha kwanza ni viatu. Viwe vimeshavaliwa, viwe vinashika vizuri, na vipimie jioni miguu ikiwa imevimba kidogo. Wakati wa kushuka vidole husukumwa mbele. Kiatu kinachobana kitakung'oa kucha.

Cha pili ni nguo za baridi. Mtu wa Dar au Mombasa haamini mpaka alie. Usiku Miriakamba pumzi inaonekana. Sweta mbili, koti zito, kofia ya kufunika masikio, soksi kavu za kulalia ambazo hazijatembelewa mchana, na begi la kulalia. Ongeza koti la mvua hata kama ni Agosti.

Cha tatu ni maji. Beba lita tatu kila mtu kutoka chini. Mito na chemchemi za Meru zina floridi nyingi mno; ndiyo inayofanya meno ya watoto wanaokua wakinywa maji hayo kuwa ya kahawia huku Ngarenanyuki na vijiji jirani. Siku mbili hazitakudhuru, ila jua kwamba kuchemsha hakuiondoi floridi.

Cha nne ni tochi ya kichwani, na betri za akiba. Baridi huzimaliza haraka.

Ukiajiri mpagazi, mpe mzigo wa kiasi na uhakikishe naye ana koti na mahali pa kulala. Ni kazi ya watu wazima wenye familia. Bakshishi yake mpe mkononi mwake mwenyewe.

Kutoka Arusha hadi Momella

Daladala za Usa River ni nyingi na ni kama kilomita 20 tu. Pale unaacha lami kuu na kushika kaskazini hadi lango la Ngongongare. Kuna magari ya abiria yaendayo Ngarenanyuki ambayo hupita ndani ya hifadhi, ila hayana ratiba ya kukuwahisha. Mkiwa watatu au wanne kodini gari. Hairuhusiwi kutembea kwa miguu peke yako baada ya lango.

Barabara hii ina historia ambayo ningependa uipite ukiijua. Ngarenanyuki ndiko serikali ya kikoloni ilikowaondoa Wameru kwa nguvu mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi. Kirilo Japhet akatumwa na wenzake kwenda New York kuyapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Ardhi iliyogombewa ni hii hii unayoiona kupitia dirishani.

Baada ya lango kuna uwanda wa majani wanaouita Serengeti Ndogo. Pundamilia na nyati hukaa hapo, na twiga hujitokeza pembeni. Usimame dakika tano, si zaidi. Lengo ni kuwa Momella, mita 1,500, ifikapo saa tatu asubuhi. Pale utaandikishwa na kukutanishwa na askari, na mara nyingi makundi mawili au matatu huunganishwa chini ya askari mmoja. Ukichelewa wenzako wanaondoka, nawe unasubiri.

Njia mbili za kupandia

Kutoka Momella kuna njia fupi na njia ndefu, zote zinaishia Miriakamba.

Njia fupi inavuka mto Ngarenanyuki, inakata uwanda wa nyati na twiga, kisha inapanda bila huruma. Ni mwendo wa saa tatu hivi. Njia ndefu ni barabara ya zamani ya magari, inazunguka kusini kupitia msituni na kuingia kreta kwa mlango wake wa mbele. Ni mwendo wa saa nne hadi tano, wakati mwingine zaidi.

Panda kwa ndefu, shuka kwa fupi. Sababu ya kwanza ni miguu: mteremko wa njia ndefu ni wa pole pole, na mwili unapata muda wa kuzoea hewa. Sababu ya pili ni msitu wenyewe. Utapita chini ya mkuyu mkubwa ambao mizizi yake imefanya tao juu ya barabara, tao linalotosha gari kupita; ulianza kwa kuota juu ya mti mwingine, ukaukumbatia mpaka ukaufisha. Juu zaidi kuna maporomoko ya Maio, mahali pazuri pa kula chakula cha mchana. Mbega utawasikia kabla hujawaona, ile sauti ya kukoroma inayopita juu ya majani. Kisha miti inabadilika, mitarakwa na mipodo inashika nafasi, na matawini inaning'inia kuvu ya kijivujivu kama ndevu za mzee.

Tembea mwendo wa kuweza kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi, umekwenda haraka.

Nyati

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo sababu ya ile bunduki. Hifadhi hii haina simba. Ina nyati, wengi, nao wanatumia njia zile zile tunazotumia sisi. Kundi kubwa si tatizo sana, linakusikia na kuondoka. Wa kuogopa ni madume wazee wanaokaa wawili watatu vichakani.

Tulikuwa tumebakiza kama saa moja kufika kibandani. Askari alikuwa mbele, mama mdogo nyuma yake, mimi wa tatu. Ghafla akainua kiganja bila kugeuka. Sikuona kitu. Nilichopata ni harufu ya zizi, nzito, ndani ya msitu ambao sekunde iliyopita ulinuka majani mabichi tu. Kisha tawi likavunjika upande wa kushoto.

"Mama, simama hapo hapo. Usikimbie, usiseme," akasema kwa sauti ya chini.

Alichukua vumbi, akaliachia hewani kuona upepo unaelekea wapi. Ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwao. Akaturudisha hatua kumi, kinyumenyume, akagonga ganda la mti mara mbili kwa kitako cha bunduki, akangoja. Vichaka vikatikisika na kitu kizito kikateremka bondeni. Hatukuona hata pembe.

"Ahsante, mwanangu," mama mdogo akasema. Akamjibu, "Shikamoo ninakupa tena, mama. Umesimama vizuri kuliko vijana."

Kwa hiyo: kaa nyuma ya askari, msimamo wa mstari mmoja, usitangulie hata kwa hatua kumi ili upige picha. Usisikilize muziki masikioni. Ukitaka kwenda haja, mwambie, atakuonyesha upande. Akisema simama, simama.

Usiku

Miriakamba ni vibanda vya mbao vyenye vyumba vidogo vya vitanda vya deka, na jengo la kulia chakula. Ukifika badilisha nguo zilizoloa jasho kabla hujakaa, hata kama unasikia joto. Kunywa chai ya tangawizi, kula ugali au wali wa kutosha. Baridi inakula chakula. Lala saa mbili usiku. Chooni usiende bila tochi, na kabla ya kutoka mlangoni mulika kwanza, kwa sababu nyati na pongo hupita karibu na vibanda usiku.

Maumivu madogo ya kichwa kwa kimo hiki hutokea, mara nyingi ni uchache wa maji. Yakizidi ukaanza kutapika au kuyumba, dawa ni kushuka, na askari anajua la kufanya.

Asubuhi ndani ya bakuli

Mwombe askari jana yake mwondoke saa kumi na mbili kamili. Kunywa uji ama chai, chukua tochi, vaa kila ulichonacho. Jua hutoka karibu na saa kumi na mbili na nusu. Tazama mashariki kwanza, Kilimanjaro ikiwa wazi, halafu geuka na usigeuke tena.

Mwanga unaanzia juu kabisa. Mstari mwembamba wa rangi ya matofali unashika ukingo wa ukuta karibu na kilele, na chini yake kila kitu bado ni cha buluu. Kisha mstari unateremka. Unaweza kuufuata kwa macho, mwamba kwa mwamba, unavyofichua tabaka moja baada ya jingine: kahawia, kijivu, nyekundu iliyochujuka, nyeusi. Kila tabaka ni mlipuko wake, lava juu ya majivu juu ya lava. Huko ndani mlima unakuonyesha namna ulivyojengwa, kwa sababu umepasuliwa. Chukua muda uzisome. Tabaka za rangi nyepesi zinazovunjika ovyo ni majivu. Zile zinazotokeza kama mbavu ni lava iliyoganda.

Tembea saa moja hivi kuelekea miguuni pa koni ya majivu. Sakafu ni majani na mitarakwa mifupi, na njiani kuna mavi ya nyati na nyayo za pongo. Koni yenyewe inaonekana laini, ya kijivu iliyokoza, imesimama peke yake mbele ya ukuta; ukikaa ukaitazama ndipo ukuta unapoanza kukuelewesha ukubwa wake, maana koni hiyo nayo ni mlima, na bado haifiki juu.

Hapo kaeni kimya. Tulikaa kama nusu saa, tukasikia jiwe. Lilianzia mahali ambapo hatukupaona, likagonga, kimya, likagonga tena, na kila mlio ukarudi kwetu kutoka pande tatu, wa kushoto, wa mbele, wa kulia, mpaka hujui limeanguka wapi. Mama mdogo akataka kujaribu. Akaita jina la marehemu mumewe, mara moja, kwa sauti ya darasani. Likarudi. Hakusema kitu, na sisi hatukumwuliza.

Kwa sababu hiyo ya mawe, usiukaribie mguu wa ukuta. Picha nzuri inapatikana mbali, si karibu. Ukutani unapata jiwe moja, kutoka kwenye koni unapata ukuta wote. Weka mtu ndani ya picha, vinginevyo atakayeiona hatajua ukubwa.

Wingu litakuja. Litaanza na vipande vidogo vinavyopanda kutoka msituni kama moshi wa jikoni. Ukiviona vimefika kiuno cha koni, una dakika chache. Anza kurudi.

Kushuka

Chukua mzigo Miriakamba, shuka kwa njia fupi. Ni mwendo wa saa mbili hivi. Kaza kamba za viatu sehemu ya kifundo, piga hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo. Vumbi la majivu huingia kila mahali wakati wa kiangazi. Funga kitambaa mdomoni. Sehemu ya mwisho, kwenye uwanda kabla ya mto, ndipo twiga hukaa karibu sana na njia, nao watakutazama mpaka uishe.

Taka zako zote zishuke nawe, hata maganda ya mayai. Langoni saini kwamba umetoka, mshukuru askari, walipe wapagazi. Mwambie dereva awe Momella saa sita mchana, kwa sababu jioni magari ya abiria kutoka Ngarenanyuki hupita yamejaa.